Kabla ya betoni: tupime kwanza udongo na maji ya stasio ya zamani

Maneno yaliyosemwa mbele ya wakaaji wa kartie, Lubumbashi

Nitaongea Kiswahili chetu cha kila siku, na pale nitakapoingiza neno la masomo nitalieleza.

Munajua kile kilichotuleta hapa. Ile stasio ya esanse ya kona, iliyofungwa kitambo, imepata mwenyewe mupya. Pompe zimeng'olewa, mabati ya kuzungushia yamesimama, na tunaambiwa patajengwa nyumba ya gorofa: maduka chini, watu wa kulala juu. Niseme wazi tangu mwanzo: hatukuja kupinga jengo. Kartie inahitaji maduka, inahitaji kazi, na vijana wengi waliokaa hapa mbele wanangojea kuitwa kwa kuchimba fondasio. Mimi mwenyewe niko na diplome ya jeolojia na ninakaa nyumbani. Wakiniita kusukuma brueti, nitaenda. Tunaomba kitu kimoja. Mbele koleo ya kwanza iingie, udongo na maji ya chini ya ile parsele yapimwe, yapimwe kweli, na matokeo yasomwe mbele ya wakaaji.

Mji huu umezoea kuogopa sumu inayotoka kwa mines. Tunajua moshi wa shimine ya Gécamines, tunajua mito inayobadilika rangi. Lakini stasio ya esanse hakuna mutu anaiogopa, juu iko katikati yetu, tulipitaka pale kila siku kununua mafuta na sigara. Hatari yake haionekani. Iko chini, ndani ya kuve.

Kuve ya stasio ni tanki kubwa ya chuma iliyozikwa. Zile za zamani nyingi ziko na ukuta mmoja tu wa chuma, bila kinga. Chuma katika udongo unaolowana kila mvua kinaliwa na kutu, kidogo kidogo, mpaka kinatoboka. Na kabla kuve itoboke, mara nyingi tiyo njo zinavuja, pale zinapoungana, chini ya pompe. Fikirini tone moja dogo kila sekunde. Kwa siku ni karibu litre 4. Kwa mwaka inapita litre 1,500. Mwenye stasio hataona kitu, atasema tu pompisti anaiba. Marekani, tangu walipoanza kufuatilia kuve hizi kwa sheria mwaka 1984, wamehesabu zaidi ya mahali 500,000 ambapo zilivuja. Ni inchi yenye wakaguzi na pesa. Sisi hapa hakuna mutu aliyehesabu.

Sasa esanse ikitoka, inaenda wapi? Inashuka. Udongo wetu mwekundu unakamata sehemu yake, na watu wanafikiri udongo wa mfinyanzi unatosha kuzuia. Hapana. Unapasuka wakati wa jua, uko na mizizi iliyooza, uko na njia za mchwa (na vichuguu vya Lubumbashi munavijua, ni milima), uko na mashimo ya choo cha zamani na visima vilivyoachwa bila kufunikwa. Kisima kilichoachwa ni mulango wazi mpaka chini. Na chini ya udongo kuna mawe yenye nyufa, na ndani ya zile nyufa njo maji tunayokunywa yanatembea.

Esanse ikifika kwa maji inaelea, juu ni nyepesi. Inakaa pale kama mafuta juu ya supu, na kutoka ndani yake vitu vingine vinayeyuka polepole katika maji. Kitu kibaya zaidi kinaitwa benzeni. Shirika la Afya Duniani linaiweka kati ya vitu ambavyo vinaleta kansa kwa mutu, kansa ya damu kwanza, na linasema maji ya kunywa yasipite mikrogramu 10 za benzeni kwa litre moja. Mikrogramu 10 ni kidogo namna gani? Tufanye hesabu pamoja. Litre moja ya esanse iko na uzito wa karibu gramu 740. Tukichukua kwamba benzeni ni asilimia 1 tu ya ile esanse, tunapata gramu 7. Gramu 7 zinatosha kufikisha litre 700,000 za maji kwa ule mpaka. Ni bidoni 35,000 za litre 20. Kutoka kwa litre moja ya esanse! Ni hesabu ya karatasi, ninakubali: nyingine inapanda kama mvuke, nyingine inaliwa na vijidudu vya udongo. Lakini inaonyesha kwamba tone haina udogo.

Mama moja aliniuliza juzi: "Kama maji iko na esanse, si tutasikia harufu?" Ni swali zuri, na jibu lake linatisha. Mutu anaanza kusikia ladha ya benzeni katika maji kwa nusu miligramu kwa litre, wengine zaidi. Nusu miligramu ni mara 50 ya ule mpaka. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa masafi kwa macho, bila harufu, matamu, na yakapita mpaka mara 10 ao 20. Klore haiondoi benzeni. Kuchemsha kunaitoa kwa maji na kuiingiza hewani, ndani ya jikoni, pale mama anapumua na mutoto mgongoni. Hakuna dawa ya nyumbani. Kuna kupima tu.

Wengine wananiambiaka: "Ile stasio ilifungwa miaka mingi, mafuta ilishakauka." Iliyokuwa juu ilikauka, kweli. Ya chini, iliyofika kwa maji na kuingia katika nyufa, inaweza kukaa makumi ya miaka. Maji yanapanda wakati wa mvua, yanashuka wakati wa kiangazi, na kila mara yanapaka yale mafuta kwa udongo mupya, juu na chini, kama mutu anayepaka rangi ukuta. Kuna jambo lingine kwa stasio za zamani: mpaka kuingia mwaka 2006, inchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara ziliuza esanse iliyotiwa plombu, madini ya risasi. Benzeni iko na adui zake katika udongo. Plombu haina. Inakaa pale ilipoanguka, na watoto njo wa kwanza kuumia nayo.

Basi kupima kunafanyika namna gani? Nitakawia hapa, juu hapa njo wanaweza kutudanganya. Kesho mutu atakuja na karatasi yenye kashe, atasema "tulishapima, hakuna kitu". Inafaa tujue kusoma ile karatasi.

Kazi ya kwanza haihitaji mashine. Ni kuuliza. Kuve zilikuwa ngapi, zilizikwa wapi, mwaka gani? Tiyo zilipita wapi? Mulango wa kujazia, pale lori lilikuwa linamwaga, uko kona gani? Palikuwa na shimo la kubadilishia mafuta ya moteri? Wale waliofanya kazi ya pompe pale wanajua kuliko plan yoyote. Wazee wako hapa. Kama kuna mwaka ambapo kuve moja iliachwa kutumiwa bila kuelezwa, wao watakumbuka, na kuve iliyoachwa hivyo ni ya kushukiwa. Kupima bila kuwauliza ni kupima kipofu.

Halafu njo mashimo. Hapa musikilize vizuri. Kuve ya kawaida iko na upana wa mita 2 na zaidi, na juu yake kuna udongo karibu mita moja. Maana yake chini ya kuve ni mita 3 ao 4. Mutu akichimba nusu mita mbele ya mulango, akachukua udongo, akaandika "safi", amepima vumbi ya barabara. Shimo sherti lipite chini ya kuve, na lichimbwe kandokando ya kila kuve, chini ya pompe, kwa mulango wa kujazia, kwa njia ya tiyo. Kila mita wanachukua udongo, wanaandika rangi, harufu, kama umelowana. Udongo mwekundu uliokaa na mafuta muda mrefu unageuka kijivu. Hata mutu asiyesoma anaweza kuona. Lakini wasitie pua ndani kwa kunusa, wako na kifaa cha kupima mvuke kwa kazi hiyo.

Mashimo mengine wanayashusha mpaka kwa maji na kuyaacha na bomba ya plastiki yenye matundu membamba chini, yenye kifuniko juu. Inaitwa piezometri. Yasipungue 3. Juu ya nini 3? Juu maji ya chini yanatembea, yako na mteremko wake, na mteremko ule si lazima ufuate barabara ao mteremko wa juu. Kwa pointi 2 huwezi kujua yanaelekea wapi. Kwa 3, unapima urefu wa maji katika kila moja, unalinganisha, unajua. Wajengaji wetu wanajua kusawazisha ukuta kwa tiyo ya nivo yenye maji ndani. Ni akili ileile. Tukijua maji yanaelekea wapi, tunajua nyumba zipi ziko chini ya mkondo, na visima gani vipimwe kwanza. Katika udongo wa kawaida sumu ya esanse mara nyingi haiendi mbali sana, makumi ya mita mpaka mita mia moja na kitu, juu vijidudu vinaikula njiani. Lakini katika mawe yenye nyufa inaweza kukimbia zaidi, na kwa upande usioutegemea. Kwa hiyo tusiambiwe "kisima chenu kiko mbali" bila kuonyeshwa plan.

Na sampuli yenyewe. Benzeni inapenda kukimbia hewani. Mutu akijaza maji katika chupa ya plastiki ya soda, akaiacha nusu, akaiweka mbele ya gari kwa jua mpaka jioni, labo itapata maji masafi, na labo haitasema uongo. Sherti iwe chupa ndogo ya kioo, ijazwe mpaka isibaki hata puvu moja ya hewa, ifungwe, iwekwe kwa barafu, na ifike labo haraka pamoja na karatasi inayosema nani alichukua, wapi, saa ngapi. Labo nayo iulizwe swali moja: munaweza kusoma benzeni chini ya mikrogramu 10? Kama mashine yao inaanzia juu ya hapo, neno "haikuonekana" halina maana yoyote.

Wapime mara 2: mwisho wa kiangazi maji yakiwa chini, na tena mvua ikishashika. Najua mwenye jengo atasema ni kumchelewesha. Miezi ile anaweza kuitumia kutoa kuve vizuri, juu kutoa kuve si kazi ya mchezo. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, unalala chini ya tanki miaka, na ukichanganyika na hewa kwa asilimia kati ya 1 na nusu na 7 unangojea tu cheche. Kuve "tupu" njo inaua kuliko iliyojaa. Vijana, nawaomba, mutu akiwaita na shalimo kwa kukata kuve kabla haijatolewa mvuke na kupimwa, mukatae hata kama pesa ni nzuri. Na tanki ile isiuzwe kwa kuwekea maji. Munacheka, lakini munajua inaweza kufanyika.

Sasa mutu atauliza: tukijenga tu juu yake, tukifunika na betoni, shida iko wapi? Shida ya kwanza ni wakati wa kuchimba. Shimo la fondasio likifika kwa maji, wataleta pompe ya kuyavuta na kuyamwaga kwa kaniveau ya avenii. Kama maji yale yako na esanse, yametoka chini ya parsele moja na kuingia katika kartie nzima. Na ule udongo uliochimbwa unaenda wapi? Unauzwa. Lori linapita, mutu anataka kujaza parsele yake kule inapotuama maji, ananunua. Sumu ya kona yetu inaanza safari, na hakuna mutu atajua ilikotoka. Shida ya pili ni baadaye. Mvuke unapanda, unaingia kwa nyufa za sakafu na pale tiyo zinapopita, unakaa katika chumba kilichofungwa. Mwenye duka anashinda ndani masaa 12. Ya tatu ni pesa: kusafisha udongo wakati parsele iko wazi inawezekana. Kusafisha chini ya gorofa 4 zenye watu, mutafanya namna gani?

Kusafisha si muujiza. Kwanza yatolewe mafuta yanayoelea. Udongo mubaya unaweza kuchimbwa, kuwekwa juu ya shiti nzito ya plastiki, kugeuzwageuzwa na kutiwa hewa na mbolea, ili vijidudu vifanye kazi yao. Inawezekana pia kuvuta mvuke kutoka chini kwa mabomba. Pengine tutaambiwa shida ni ndogo, na inatosha kufunga kisima kimoja ao viwili na kufuatilia maji miaka kadhaa. Na inawezekana kabisa tupime na tukute pako safi. Nitafurahi, na mwenye jengo atakuwa na karatasi ya kuonyesha wapangaji wake. Ila leo hakuna mutu katika mji huu anaweza kusema pako safi, hata yeye.

Kuhusu sheria nitapita mbio, juu sheria tunayo. Katiba, article ya 53, inasema kila mutu ana haki ya mazingira yenye afya. Ya 54 inasema uchafuzi wowote unaotoka kwa kazi ya biashara unaleta malipo ao matengenezo. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9/7/2011 juu ya mazingira, article ya 21, inataka uchunguzi wa athari ufanywe mbele ya mradi wowote unaoweza kugusa mazingira, na sheria ileile inaweka anketi ambapo wakaaji wanasikilizwa. Agence Congolaise de l'Environnement njo yenye kazi ya kukubali ao kukataa ule uchunguzi. Hatuombi upendeleo, tunaomba dosie. Kama uchunguzi ulifanywa, uonyeshwe. Kama haukufanywa, kibali cha kujenga kingoje.

Na musikubali mutu awaambie kwamba vifaa havipo. Huu ni mji wa mines! Kila siku tunaona mashine za foraji zinapita kwenda kutafuta shaba na kobalti mita mamia chini. Tuko na majeolojia, wakimia, mafundi wa foraji, wengi wao wanakaa kwa baraza wakingojea mutu wa kuwapigia simu. Mji unaojua kutoboa mawe kwa kutafuta utajiri wa wengine haushindwi kutoboa mita 10 kwa kujua watoto wake wanakunywa nini. Kazi hii ya kupima nayo ni kazi. Vijana wa kartie wanaweza kufundishwa kushika tarieri, kusoma urefu wa maji, kuandika daftari. Ni bora kuliko kungojea brueti.

Sasa niseme kile tutafanya, tusiachane hivi. Barua imeshaandikwa, inaenda kwa burugumestre, kwa ofisi ya jimbo ya mazingira, na kopi kwa mwenye parsele, kwa heshima. Inaomba mambo manne: kazi ya kuchimba isianze, uchunguzi ufanywe na watu ambao hawalipwi kwa kusema "safi", visima vya majirani vipimwe kwa pesa ya mwenye mradi, matokeo yasomwe hapa, kwa Kiswahili. Anayetaka kutia sahihi, karatasi iko kwa mama wa meza ya mbele.

Jumamosi asubuhi tunapita mulango kwa mulango kwa kuandika visima vyote vilivyo karibu na ile kona: kimechimbwa lini, mita ngapi, nani anakinywa, kama kiko na kifuniko. Tutapima urefu wa maji kwa kamba na jiwe, ni bure. Wale waliofanya kazi kwa stasio zamani, nawaomba tukutane nao pembeni leo hii, watuchoree kuve zilikuwa wapi. Na wale ambao visima vyao vinagusa ukuta wa ile parsele: mpaka tupate majibu, ile maji ifue nguo na kusafisha sakafu ya inje, lakini ya kunywa na kupikia tuchote juu zaidi, kwa majirani waliokubali. Majina yao nimeyaandika nyuma ya karatasi ya sahihi.

Maswali sasa. Tuanze na wamama.